Kutoka Mto Douro Hadi Ndia Kuu

Mwenyeji wa Mji wa Kale wa Mombasa hatembei mjini mwake, hupita. Hupita akienda Marikiti, hupita akienda kuswali, hupita ameshika mkono wa mtoto aliyechelewa chuoni, na ukimwona amesimama basi amekutana na mtu. Kazi ya kutazama ameiacha kwa wageni. Wao ndio wanaosimama mbele ya mlango wa nakshi, wakainua shingo hadi kwenye roshani, wakauliza nyumba hii ni ya zama gani. Mimi nimezaliwa Kibokoni na kuolewa si mbali na kwetu, na kwa miaka yote ya ndoa sikuwahi kutoka jioni na mume wangu tukauzunguka mji bila ya kuwa na tunakokwenda. Tulitoka kwa arusi, kwa matanga, kwa kumkagua mgonjwa. Baraza za njiani ni za wanaume, ziara za wanawake ni za ndani, na mume na mke wakionekana wawili njiani watu hujua kuna jambo.

Kutembea pamoja tulijifunza Porto, kaskazini mwa Ureno. Mume wangu ni mhandisi na kazi yake ni majumba ya kale ya mawe. Alialikwa huko kwenye mkutano wa watu wa fani yake, nami nikafuatana naye. Shangazi yangu alipopata habari aliuliza, kwa wasiwasi wa kweli, watu wasiokunywa wanakwenda kufanya nini katika mji uliotajirika kwa mvinyo. Swali lake nilisafiri nalo. Kila duka, kila meza ya mkahawa, kila bango la njiani lilitukaribisha kwenye kitu ambacho hatukigusi, na kwa sababu hiyo macho yetu yalibaki huru. Wenzetu wa mkutano walikwenda kuonja. Sisi tulikwenda kutazama watu na kuta zao.

Porto imekaa juu ya mlima unaoporomoka hadi mto Douro. Nyumba ni nyembamba na ndefu, zimeegemeana, nyingine zimevikwa vigae vya rangi kutoka chini hadi kwenye paa, na baina yake vichochoro vya ngazi ambavyo gari halioti ndoto ya kuvipita. Ng'ambo ni mji wa Vila Nova de Gaia, na kati ya miji hiyo miwili kuna daraja la chuma la Dom Luís I, lililofunguliwa mwaka 1886, lenye njia mbili, moja juu na moja chini. Tulivuka kwa njia ya juu. Mume wangu alikuwa akitazama chuma kilivyofumwa, mimi nikitazama chini mtoni, na upepo ukinivuta buibui hadi akalazimika kunishika. Mombasa hajawahi kunishika mkono njiani. Hapo alinishika mpaka upande wa pili, na tulipofika hakuachia.

Gaia ndiko yaliko maghala ya mvinyo. Zabibu zenyewe hazilimwi pale. Hulimwa ndani zaidi, juu ya bonde la Douro, kwenye matuta yaliyokatwa milimani, na mwaka 1756, enzi ya Marquês de Pombal, ukanda ule uliwekewa mipaka ya kisheria na kusimikwa nguzo za mawe, ili mvinyo unaouzwa kwa jina la Porto utoke huko na si kwingine. Zabibu zikiwa zimechacha nusu humiminiwa pombe kali iliyokwishakenekwa, uchachu ukakoma, utamu ukabaki. Kisha hulazwa kwenye mapipa miaka na miaka. Zamani mapipa yalishuka mtoni kwa mashua ziitwazo rabelo, zenye tanga moja la mraba na kasia refu la usukani huko nyuma. Siku hizi mvinyo hushuka kwa malori, mto umezibwa kwa mabwawa, na rabelo zimefungwa ukingoni na mapipa matupu juu yake, zipigwe picha. Msichana aliyekuwa akitutembeza ghalani, alipojua hatunywi, alituletea bilauri mbili za maji ya zabibu bila ya kuuliza la pili, akaendelea na maelezo yake kwa furaha ile ile. Nilimpenda kwa adabu hiyo.

Katika baridi ya ghala lile nilimfikiria mgema. Ng'ambo yetu sisi, kuanzia Kisauni kwenda Kilifi na ndani hadi Rabai, mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, akakata ncha ya karara na kutega kibuyu, akashuka na tembo ambalo asubuhi ni tamu, jioni ni kali na kesho yake linaelekea kuwa siki. Halingoji pipa wala ghala. Lazima linywewe siku ile ile, kwa mrija, mangweni, karibu na mnazi uliolitoa. Wamijikenda hulimwagia koma, huliweka katikati ya mazungumzo ya mahari, na mzee hawezi kuombwa mtoto wake kwa mikono mitupu. Sisemi haya kuusifu ulevi. Dini yangu naijua na naishika. Nasema kwamba ni kazi ya mikono, yenye ujuzi wake na hatari yake, nami niliishi maji mamoja nayo bila ya kuwahi kuitazama. Ilinibidi niende kwenye bonde la watu wengine, nisikilize habari za zabibu zao, ndipo nijiulize yule mwanamume niliyemwona tangu utotoni juu ya mnazi wa Kisauni alijifunza kwa nani.

Mtu wa Mombasa hawezi kuzurura Ureno bila ya hesabu ya zamani kumpanda kifuani. Vasco da Gama alifika kwetu Aprili 1498. Agosti 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji akaupora na kuuchoma moto. Mwaka 1528 Nuno da Cunha akarudia. Katika stesheni ya treni ya São Bento pana ukumbi wenye vigae kama elfu ishirini vya buluu na vyeupe, kazi ya Jorge Colaço ya mwanzo wa karne ya 20, na picha moja inaonyesha Wareno wakiitwaa Ceuta mwaka 1415, mwanamfalme Henrique akiwa mbele na Waislamu wakiwa wameshindwa miguuni pake. Henrique alizaliwa Porto, na sanamu yake imesimama kwenye uwanja uliopewa jina lake. Tulikaa kwenye benchi la stesheni, watu wakikimbilia treni zao, na kwa kitambo hatukusemezana. Mume wangu ndiye aliyeanza: kazi ya vigae ni nzuri mno. Nikamjibu ni nzuri, na inaniuma. Yote mawili yalikuwa kweli, na nilifurahi kwamba nilikuwa na mtu wa kumwambia kwa lugha yangu.

Kesho yake, hatua chache kutoka kwenye sanamu ile, tuliingia katika jumba la wafanyabiashara, Palácio da Bolsa. Ndani yake mna chumba wakiitacho Chumba cha Kiarabu, kilichojengwa baina ya 1862 na 1880 kwa kuiga majumba ya Alhambra, dhahabu kuanzia sakafuni hadi dari, na ukutani herufi za Kiarabu. Hicho ndicho chumba cha heshima, walichokuwa wakiwapokelea wageni wakubwa. Wenzetu wa msafara walikuwa wakipiga picha za dari. Mimi nilikwenda karibu na ukuta nikajaribu kusoma, nikifuata herufi kwa kidole bila ya kugusa, kama nilivyofunzwa chuoni. Watu waliojivunia Ceuta walipotaka kuonyesha ubora wao walivaa nakshi za waliowashinda. Sijui nililie hilo au nishukuru. Najua tu kwamba niliposoma herufi zile mjini mwao nilijisikia nina haki ya kuwepo.

Lakini kitongoji kilichonibadilisha kabisa ni Barredo, nyuma ya gati ya Ribeira, ambako watu bado wanaishi. Vichochoro vile ni vya kwetu kwa upana, mikono miwili ikinyooshwa hugusa kuta zote mbili. Bibi mmoja alikuwa dirishani akianika, amevaa aproni ya maua, vibanio mdomoni, shuka zikichuruzika maji njiani. Mume wangu akainua simu. Nikamshusha mkono nikamwambia, "Mwache mamangu." Neno lilinitoka lenyewe. Nilimwona mama yangu kwenye roshani ya Kibokoni, na vijana wa meli za kitalii chini wakimlenga kamera naye hajui ageukie wapi. Bibi yule alituona, akatoa vibanio mdomoni, akatuamkia. Tukamwamkia kwa neno moja la Kireno tulilolijua, akacheka, akatuelekeza ngazi za kurudi mtoni ingawa hatukumuuliza njia.

Mume wangu, usiku ule, alinieleza alichosikia mkutanoni. Kitovu cha kale cha mji ule kiliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1996, zama ambazo nyumba nyingi zilikuwa magofu na vijana wamehama. Kisha ndege za bei nafuu zikaja, wageni wakafurika, pesa zikaingia, nyumba zikatengenezwa. Na nyumba ilipotengenezwa mara nyingi ilikodishwa kwa mgeni wa siku tatu, kodi ikapanda, na watu wa mtaa wakasogea pembeni ya mji. Majengo yakapona, majirani wakaondoka. Ndipo nilipoelewa kwa nini katika kichochoro kizima tulimwona bibi mmoja tu.

Tuliporudi Mombasa nilimwambia, tutembee kwetu kama tulivyotembea kule. Tukatoka baada ya Alasiri.

Tulianzia Ngomeni. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliano wa Milano aliyekuwa akimtumikia mfalme wa Ureno, na mtoto wa Mombasa huijua kwa safari za shule, halafu basi. Mle ndani ya jumba la makumbusho kuna kipande cha lipu ya ukutani walichochora mabaharia wa Kireno kwa makaa na udongo mwekundu: merikebu, samaki, watu waliovaa chuma. Nilikuwa nimekiona nikiwa na sare ya shule. Safari hii nilikitazama nikiwa nimetoka walikotoka wachoraji. Mistari haina ustadi. Milingoti imechorwa kwa uangalifu, kamba moja moja, na mtu aliyeichora hizo kamba alikuwa akizijua kwa mikono yake na alikuwa akizitamani zimrudishe kwao. Wale walioletwa kututawala walikuwa wakichora njia ya kuondoka.

Na historia ya ngome ile haikugawanyika vizuri kati yao na sisi, kama nilivyokuwa nimezoea kuisimulia. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Katikati ya mzingiro huo merikebu ya Santo António de Tanná, iliyoletwa kuwaokoa, ilizama chini ya ngome mwaka 1697. Wapiga mbizi waliichimbua kuanzia 1977, na vyombo vyake vimewekwa makumbusho. Maradhi yalipowamaliza Wareno, ngome ilishikwa kwa muda na Bwana Daudi wa Faza pamoja na watu wake, Waswahili, wakiwalindia Wareno kuta zao. Mume wangu alisimama mbele ya maelezo hayo akasema Faza si mbali na kwa nyanyake. Tukatoka tukiwa na mengi zaidi ya kuulizana kuliko tulivyoingia.

Kutoka Ngomeni tukaishika Ndia Kuu. Tulikwenda taratibu, na huo utaratibu wetu ndio uliowashangaza watu. Karibu na msikiti wa Mandhry, ule wenye mnara wa duara unaochongoka na tarehe yake ya 1570, bi mkubwa mmoja aliyekaa mlangoni kwake alitutazama tukisimama, tukaenda, tukasimama tena.

"Mwamtafuta nani, wanangu?"

"Hatumtafuti mtu, bibi. Twatembea tu."

"Mwatembea?" Akamtazama mume wangu, akanitazama mimi. "Basi njooni mukae."

Tukakaa. Akatuletea kahawa na kashata, na kwa muda wa saa nzima akatuhesabia nyumba za mtaa ule moja moja: hii walikaa fulani, wakahamia Maskati, ile mwenyewe amekufa na warithi wako Dubai na Toronto, hawasikilizani, ile pale iliangukiwa na dari masika yaliyopita. Kule Porto mji tulisimuliwa na watu wanaolipwa. Kwetu mji mzima ulikuwa umekaa mlangoni na birika lake, na hakuna aliyekuwa ameuuliza.

Nyumba ya bibi huyo ilikuwa na madoa meupe ya chumvi ukutani, kiasi cha kimo cha mtu. Mume wangu alibonyeza lipu kwa kidole gumba ikamwagika. Nimemsikia akilieleza jambo hili miaka mingi nikiwa na yangu kichwani, siku ile nililisikiliza. Nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na boriti za mikoko juu. Mawe ya matumbawe hufyonza maji na chumvi, na chokaa huyaachia yatoke, ukuta ukalowa na kukauka msimu baada ya msimu bila ya kudhurika. Mtu akija kuutengeneza kwa saruji, kwa sababu saruji inapatikana kila duka na fundi wake yuko kila pembe, ukuta unazibwa. Unyevu hukosa njia, chumvi huvimba ndani, jiwe likasagika nyuma ya lipu inayoonekana nzima. Mji huu umekuwa eneo la kuhifadhiwa tangu mwanzo wa miaka ya 1990, na bado nyumba nyingi zinauliwa na wenyewe wakizipenda, kwa mfuko wa saruji. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Akasema marehemu mumewe alikuwa akipaka chokaa kila mwaka kabla ya Ramadhani, na yeye alidhani ni kwa ajili ya weupe.

Jua lilipopungua tuliteremka Bandari ya Kale. Humo majahazi ya Arabuni na Uajemi yalikuwa yakiingia na kaskazi, na tende, na mazulia, na samaki wa chumvi, yakangoja kusi yaondoke na boriti. Tangu Kilindini ilipochukua meli kubwa, bandari hii imebaki na vyombo vichache na maji mengi. Nilizikumbuka rabelo. Tofauti ni kwamba hapa jahazi likiingia, bado lina mzigo, na mahamali bado wanagombana kwa sauti juu ya malipo yao. Ningependa wageni waje wasikie ugomvi huo kabla haujageuzwa mapambo.

Ng'ambo, upande wa Nyali, kuna kaburi la Rosine Krapf. Yeye na mumewe, Johann Ludwig Krapf, mwana wa mkulima kutoka Derendingen karibu na Tübingen, nchi nyingine ya mizabibu, walihamia Mombasa mwaka 1844. Julai ya mwaka huo huo Rosine alijifungua mtoto wa kike, na siku chache baadaye homa ikamchukua yeye, kisha mtoto. Krapf akaendelea: akaanzisha kituo cha misheni Rabai, akakusanya maneno ya Kiswahili kwa miaka mingi, kamusi yake ikatoka 1882 naye ameshakufa. Vitabu vinamtaja mume. Nilikaa kwenye ngazi za Leven, pale bandarini, nikimfikiria mke, aliyefika katika mji huu akiwa mja mzito, hajui lugha, na mtu mmoja tu wa kumwambia kinachomuuma. Bila shaka wapo wanawake wa mji huu waliomkanda na kumpikia uji katika siku zile, maana sijawahi kuona mzazi akiachwa peke yake Mombasa. Nilimwambia mume wangu twende tukalizuru kaburi lile. Tulikwenda wiki iliyofuata, kwa matatu hadi Nyali.

Sasa kuna jambo la kwetu wenyewe. Nyumba aliyozaliwa mama yangu Kibokoni ina warithi wengi kuliko vyumba vyake, na mnunuzi ametokea. Anataka kubomoa ajenge ghorofa za kupangisha. Akikataliwa kubomoa, atafanya hoteli ndogo. Binamu zangu walioko ng'ambo wako tayari kuuza, na siwalaumu, hawajalala humo tangu utoto na paa linavuja. Mimi na mume wangu tumeandika pendekezo: orofa ya chini ipokee wageni na pato ligawanywe kwa mafungu ya mirathi kama sharia ilivyoyaweka, orofa ya juu akae mtu wa ukoo kwa kodi ya haki, na roshani isipangishwe kamwe. Mkataba useme hivyo kwa maandishi, kwa sababu Barredo tumeona kinachotokea pasipoandikwa kitu. Shangazi yangu yuko upande wetu. Kaka yangu mkubwa hajasema lolote, na fungu lake ni kubwa.

Kikao cha warithi ni baada ya Idi. Chokaa inataka kulowekwa mapema, miezi kabla ya kupakwa, ndiyo iwe laini na kushika. Kwa hivyo tumekwishaagiza magunia, na shimo la kuilowekea limechimbwa nyuma ya nyumba, karibu na kisima.